Kuanzisha huduma ya afya ya akili katika zahanati: tayarisheni kwanza siku ya mgonjwa kurudi

Ndugu muuguzi uliyeuliza kutoka upande wa Nyakach, nimelisoma swali lako kwa makini kabla ya kuandika. Unasema umetoka kwenye mafunzo ya mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu matatizo ya akili pasipo na wataalamu, umerudi na rundo la fomu za PHQ-9 za kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, na zahanati yenu ina wauguzi wawili na foleni isiyopungua hadi alasiri. Umeuliza mambo matatu: kama mwanze kumpima kila mgonjwa anayeingia, mfanye nini dawa zikiisha, na muwaambie nini jamaa wanaotaka mgonjwa wao apelekwe kwenye maombi badala ya kutibiwa. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha uwanda wa Kano, na kabla ya kuja huku nilifanya kazi Kaunti ya Nakuru. Nitajibu kutokana na yale niliyoyaona katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya, kwa kuwa hospitali kubwa zina watu na vyumba ambavyo wewe huna.

Jibu langu, kabla sijaeleza sababu, ni kwamba msianze na upimaji wa watu wote. Anzeni na utaratibu wa mgonjwa kurudi: tarehe yake, daftari lake, dawa zitakazomsubiri, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuuliza aliko asipoonekana. Wagonjwa wengi wa afya ya akili niliowaona wakipotea walikuwa wamekwisha kutambuliwa. Walisikilizwa, wakapewa dawa za wiki mbili, wakaambiwa warudi, na siku waliyotakiwa kurudi ilipopita hapakuwa na mtu yeyote kituoni aliyejua kwamba hawakuja.

Wapo watakaokuambia kwamba vijijini tatizo si kubwa kiasi hicho. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa eneo la Maseno, katika kaunti yetu hii ya Kisumu, na kuchapishwa mwaka 2012, ulikuta asilimia 10.8 ya watu wazima wakiwa na matatizo ya akili yaliyo ya kawaida, yaani sonona na wasiwasi uliopita kiasi. Katika vituo vya afya hali ni nzito zaidi, kwa sababu wanaougua ndio wanaokuja kwetu: Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2011, ilieleza kwamba huenda robo ya wagonjwa wa nje wana tatizo la akili la aina fulani. Hawaji wakisema wana huzuni. Anakuja mama mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha, mgongo unaowaka moto, moyo unaokwenda mbio usiku na usingizi usiopatikana. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, anaondoka na vidonge vya maumivu, na baada ya majuma machache yuko kwenye foleni tena na malalamiko yale yale. Ukitaka kujua mahali pa kuanzia, angalia kwanza vitabu vya wagonjwa wanaorudi namna hii.

Sasa kuhusu upimaji. Lipo jaribio moja la hapa Kenya ambalo ningependa kila anayetoka kwenye mafunzo alijue. Watafiti walifuatilia vituo vya ngazi ya pili na ya tatu ambavyo watumishi wake walikuwa wamepewa mafunzo mafupi ya afya ya akili, wakavilinganisha na vile ambavyo havikuwa vimeyapata, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Mafunzo hayakuongeza idadi ya wagonjwa waliotambuliwa. Hata hivyo, wagonjwa wa vituo vyenye watumishi waliofunzwa walipata nafuu zaidi, kiafya na katika maisha yao ya kila siku, kuliko wale wa vituo vingine. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: muuguzi aliyefunzwa hubadilika katika namna anavyomtendea mtu aliye mbele yake, lakini foleni, chumba, fomu za kujaza na muda havibadiliki, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama swali litaulizwa au halitaulizwa. Kwa hiyo usijilaumu ukijikuta umerudi kazini na bado unawapitisha watu harakaharaka. Badilisha mpangilio wa kazi.

PHQ-9 ni chombo kizuri. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama zake hufika 27, na kwa kawaida alama 10 au zaidi huashiria sonona inayohitaji kushughulikiwa. Imefanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, na mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya VVU unaitaka itumike kwa wateja wote wa kliniki hizo angalau mara moja kwa mwaka. Ila fikiria kitakachotokea mkiwapima watu sitini kwa siku na kumi na wawili wakafikisha alama. Hamna muda wa kuzungumza nao, hamna dawa za kuwatosha, na swali la tisa, lile linalohusu mawazo ya kujidhuru, mtakuwa mmeliuliza na kulijibu kwa haraka. Kumwuliza mtu swali zito namna hiyo, kisha ukamwambia aende zake, humfunza kwamba hata kituoni hakuna msaada. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kumkosa mtu mmoja leo ambaye tungemwona mwezi ujao.

Kwa hiyo chagueni wachache. Mimi ningeanza na anayerudi mara kwa mara bila ugonjwa unaoonekana. Mama anayemleta mtoto kwa chanjo ya wiki ya sita, kwa sababu sonona baada ya kujifungua hujificha nyuma ya maneno ya uchovu. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari ambaye amekuwa na nidhamu na ghafla hali yake imeharibika. Na mtu aliyefiwa au aliyepoteza nyumba na mifugo, jambo ambalo sisi wa Nyando tunalijua kila mito inapovunja kingo. Muulize kwanza maswali mawili tu: kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa, na kama mambo aliyoyafurahia zamani yamepoteza ladha. Akikubali lolote, ndipo uitoe fomu. Iulize kwa lugha anayoota nayo, iwe Kiluo au Kiswahili, na uisome mwenyewe kama mazungumzo, kwa maana mtu akipewa karatasi ajaze hujibu kama anayefanya mtihani.

Na mlango ufungwe. Katika zahanati nyingi benchi la foleni limeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha kutibia na mlango hukaa wazi ili hewa ipite. Hakuna mke atakayekueleza kinachompata nyumbani akijua shemeji yake amekaa hatua tatu kutoka hapo. Kulisogeza benchi hakuhitaji bajeti ya kaunti.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa moyo wa kazi yenyewe. Sisi wa magharibi mwa Kenya tumeshajenga, kwa uchungu mwingi, mfumo wa kumtunza mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu katika kituo kidogo. Ni kliniki ya VVU. Kisumu, Siaya na Homa Bay zilipozidiwa, tulijifunza kumpa kila mteja kadi yenye tarehe, kuandaa majalada ya wanaotarajiwa kesho, kuhesabu dawa kabla hazijaisha, kumpigia simu asiyekuja, na kumtuma mtu wa kijijini kwake akamwulizie bila kumwaibisha. Tulijifunza pia kwamba anayeishi na hali hiyo anaweza kumtuliza mwenzake kuliko sisi. Yote haya yanahitajika kwa mtu mwenye sonona, skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo) au kifafa, na hakuna hata moja linalodai daktari wa magonjwa ya akili akae katika zahanati yenu. Nenda kwa mwenzako wa kliniki ya VVU iliyo karibu, kaa naye asubuhi moja, uone jinsi anavyoshughulikia orodha ya waliokosa kuja. Utajifunza mengi kuliko katika semina nyingine.

Daftari lenyewe si lazima liwe la kuchapishwa. Daftari gumu la mistari linatosha. Andika jina, kijiji, namba ya simu ya mgonjwa na ya mtu anayemwamini, jina la mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lake, tatizo, dawa na kipimo chake, tarehe aliyopewa kurudi na tarehe aliyorudi. Safu hizo mbili za mwisho ndizo zitakazowafanya muwe na kliniki. Kila mwisho wa wiki mmoja wenu apitie safu ya tarehe, na palipo na pengo apige simu. Kabla ya yote hayo muulize mgonjwa siku ya kwanza: tukikutafuta, tumpigie nani, na tuseme nini? Wengi hupendelea tuseme tu kwamba kadi yao inahitajika kituoni. Mhamasishaji naye aelezwe hivyo hivyo. Serikali iliwapa wahamasishaji zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi mwaka 2023, na kwa kuwa wanazuru nyumba kwa nyumba, wao ndio watakaojua kwamba mzee fulani ameacha kutoka nje. Lakini wao ni majirani pia, na siri inayovuja kupitia kwao huua huduma kijiji kizima.

Kuhusu siku ya kliniki, ushauri wangu ni muichanganye na kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, tena muiweke siku ya soko. Wapo wenzetu wanaotaka siku maalumu ya afya ya akili, na naelewa kwa nini, kwa sababu hesabu huwa rahisi na wataalamu wa kaunti wanaweza kuja siku hiyo. Hata hivyo, mara tu kijiji kinapojua kwamba Jumatano ni siku ya wenye matatizo ya akili, wale wenye sonona huacha kuja na mnabaki na waliozidiwa kabisa tu. Mkiichanganya, hakuna anayejua nani amefuata nini. Siku ya soko, iwe Sondu, Katito au Ahero, nauli ya bodaboda imeshalipwa kwa shughuli nyingine, na mama anaweza kupita kituoni bila kueleza nyumbani alikokuwa.

Je, huyo mgonjwa akirudi, utamfanyia nini? Watu wengi hudhani ni dawa au rufaa. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo yenye mpango ndiyo matibabu ya kwanza, na ushahidi kwamba watu wasio wataalamu wanaweza kuyafanya unatoka katika bara letu. Zimbabwe walianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 chini ya daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambapo akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa katika viwanja vya kliniki wakiwasaidia kupanga matatizo yao na kuyakabili moja baada ya jingine. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2016 na yalikuwa mazuri. Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliwasaidia wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye mikutano mitano, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Na hapa hapa Kisumu, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba wanawake wanaoishi na VVU waliodhulumiwa walipata nafuu ya sonona na ya majeraha ya kiakili kupitia ushauri unaoangalia uhusiano wa mtu na watu wake, ushauri uliotolewa na watu ambao si wataalamu wa magonjwa ya akili.

Katika kazi ya kila siku mambo huwa ya kawaida zaidi kuliko majina ya mipango hiyo. Chukua mfano wa mjane aliyekuja na kichwa na usingizi, akafikisha alama za sonona ya wastani. Tulipokaa, yaliyotoka yalikuwa shamba ambalo shemeji zake walitaka kulilima bila idhini yake, karo ya mtoto wa kwanza, na ukweli kwamba hakuwa ameenda kanisani wala kwenye chama cha akina mama tangu mazishi. Sikumpa dawa siku hiyo. Tuliandika matatizo hayo matatu, akachagua mwenyewe lililomuumiza zaidi, yaani shamba, tukaafikiana hatua moja ndogo ya wiki hiyo: kumwendea naibu wa chifu akiwa na mzee mmoja wa ukoo aliyemheshimu. Wiki iliyofuata tulizungumza kuhusu kilichotokea, kisha tukapanga hatua ya pili, na baada ya hapo kurudi kwenye chama. Usingizi ulirejea kabla kesi ya shamba haijaisha. Mazungumzo kama hayo huchukua dakika ishirini hivi, na ndiyo maana narudia kwamba ni afadhali kuwa na watu wanane mnaowafuatilia kwa ukamilifu kuliko sitini mliowapa alama.

Swali lako la pili, dawa. Hakikisha kwanza unajua nini kipo katika hospitali ya kaunti ndogo ambayo ndiyo kitovu cha mtandao wenu wa huduma za msingi, kwa sababu zahanati yenyewe mara nyingi huwa na amitriptilini, dawa ya sonona, na pengine fenobabitali ya kifafa tu. Msimwanzishie mtu dawa ya miezi mingi mkiwa na akiba ya majuma mawili. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na mgonjwa anatakiwa aendelee nayo kwa miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kuisha; akipata chupa moja na kukuta kabati tupu mara ya pili, amepata usumbufu wa dawa bila faida yake, na hatarudi tena. Mwongozo wa mhGAP unaanza na miligramu 10 kwa wiki moja, kisha 20. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba kichefuchefu na kutotulia huja mwanzoni na hupungua, kwa kuwa wanaoacha dawa wengi huacha katika siku hizo. Kabla ya kumpa yeyote dawa ya sonona, muulize yeye na jamaa zake kama aliwahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, bila usingizi, akitumia pesa ovyo. Huyo anahitaji kuonwa kwanza na mtu wa ngazi ya juu. Amitriptilini ni hatari sana ikimezwa kwa wingi, hivyo mwenye mawazo ya kujiua asiondoke na zaidi ya dozi ya wiki moja, na chupa ishikwe na jamaa. Diazepamu isiwe jibu la kila mtu asiyelala.

Jambo moja ambalo mafunzo mengi hulipita haraka, na kwetu ni muhimu mno: fenobabitali na kabamazepini, dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa ya VVU, katika mwili. Kila mwenye kifafa unayemhudumia ulizia kama yuko kwenye dawa za VVU, na mshauriane na kliniki yake kabla ya kubadilisha chochote. Wala usimwachishe mtu fenobabitali ghafla kwa sababu zimeisha. Degedege linalofuata linaweza kumuua. Kwa hao wa kifafa na wa skizofrenia ndipo hesabu ya akiba inapokuwa suala la uhai.

Namna ya kuzuia dawa kuisha ni takwimu. Oda kwa KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, hufanywa kwa kuangalia matumizi, na matumizi yasiyoandikwa hayapo. Fomu ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje waliozidi umri wa miaka mitano, MOH 705B, ina mstari wa matatizo ya akili, na katika vituo vingi mstari huo hubaki sifuri mwezi baada ya mwezi huku wagonjwa hao wakihesabiwa chini ya maumivu ya mwili. Mfamasia wa kaunti ndogo akiona sifuri, kwa nini akuletee fluoksetini? Jazeni mstari huo kwa uaminifu, kisha mchukue daftari lenu mkamwonyeshe watu mlio nao na vidonge wanavyohitaji kwa miezi mitatu. Niliona kituo kimoja kikipata dawa kwa njia hiyo baada ya maombi ya mdomo ya muda mrefu kukosa jibu. Kuhusu gharama, aliyejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, hutibiwa bila malipo katika ngazi ya pili na ya tatu, lakini akipewa rufaa kwenda juu ataulizwa michango yake. Jambo hilo mlizungumze na familia mapema, kabla ya usiku wa dharura.

Kwa anayeletwa akiwa amechanganyikiwa ghafla, msikubali haraka kwamba ni ugonjwa wa akili, hata akiwa na historia hiyo. Katika ukanda huu wa ziwa pima malaria, pima sukari, angalia homa na shingo ngumu, ulizia VVU na ulizia pombe, pamoja na siku aliyoacha kunywa, kwa sababu mtu aliyezoea chang'aa akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kufa. Ikishathibitika kuwa ni saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, na mkalazimika kumpa haloperidoli ya kuituliza, muwe na benzheksoli karibu, dawa ya kulegeza misuli ambayo haloperidoli huweza kuikakamaza. Familia ikimwona amekakamaa shingo na macho kupinduka, haitawaamini tena.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi. Kumwuliza mtu kama amefikiria kufa hakumpi wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa mtu amelitaja. Uliza kama ana mpango na ana kitu gani karibu. Katika maeneo ya mpunga ya Ahero na ya miwa, kitu hicho mara nyingi ni dawa ya kuua wadudu iliyowekwa chini ya kitanda, na kumshawishi jamaa aifungie kwa jirani au aiondoe nyumbani ni matibabu halisi. Familia nyingi bado huficha majaribio haya kwa kuogopa polisi. Waelezeni kwamba kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili, kilitamkwa na Mahakama Kuu tarehe 9 Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Wamlete mtu wao, atapokewa kama mgonjwa.

Swali lako la tatu, la maombi. Mimi sijawahi kumshinda mchungaji kwa kubishana naye mbele ya familia, na sioni sababu ya kujaribu. Mama anayempeleka mwanawe kwenye maombi anamtafutia nafuu kwa njia anayoijua, na kanisa linampa kitu ambacho kituo chetu hakimpi, yaani watu wa kukaa naye usiku. Muombe mambo machache tu: dawa isisimamishwe, mgonjwa asifungwe kamba wala minyororo, asinyimwe chakula kwa jina la kufunga, na tarehe ya kurudi iheshimiwe. Kisha mtafuteni mchungaji huyo wakati ambapo hakuna mgonjwa kati yenu, mkamweleze dalili ambazo akiziona awalete watu kwenu. Makueni walifanya kazi ya namna hiyo, wakiwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuwatambua wagonjwa na kuwaelekeza vituoni. Wazee wa kanisa wa huku kwetu nao, wanapohisi wanaheshimiwa, huleta wagonjwa kwa mikono yao wenyewe. Anayemfunga mtu minyororo na kukataa kumfungua ni suala jingine, na hapo chifu na afisa wa jamii wahusishwe bila kusitasita.

Nitaongeza jambo ambalo hukuuliza. Huduma hizi hufa mtu mmoja anapohamishwa. Wewe ndiye uliyefunzwa, na siku moja barua itakuja ikupeleke Muhoroni au Seme. Kwa hiyo mfunze mwenzako tangu sasa, na mfunze pia anayetunza kumbukumbu, maana yeye ndiye anayeona kadi zote. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, imezipa serikali za kaunti wajibu wa huduma hizi, hivyo una haki ya kudai msimamizi. Nilipokuwa Nakuru, wagonjwa waliotuzidi tuliwapeleka hospitali ya Gilgil, na kilichotusaidia zaidi kuliko kitanda cha huko ni muuguzi wa afya ya akili aliyekubali kupigiwa simu. Tafuta wa kwako katika hospitali ya kaunti ndogo kabla hujamwandikisha mgonjwa wa kwanza. Kubaliana naye siku moja ya mwezi ya kupitia daftari pamoja, jina kwa jina, mkianza na wale ambao safu yao ya mwisho iko tupu.